AKILI NI AMANA

Mazungumzo ya darsa juu ya tabia ya mwanadamu, maisha ya leo, na mambo yageuzayo akili

Twaleta mbele yako mazungumzo yaliyopita katika darsa yetu ya Ukunda, usiku mmoja wa Ijumaa baada ya sala ya Isha. Si desturi yetu kuandika kila lisemwalo barazani, kwani mengi husemwa na machache hufaa. Lakini usiku ule lililetwa suala ambalo, tangu Likoni mpaka Vanga, ni mitaa michache isiyo na nyumba inayoliuliza kwa siri. Jambo linaloulizwa kwa siri na watu wote ni bora liulizwe mara moja kwa dhahiri.

Mwulizaji alikuwa mama mmoja mjane. Alikaa upande wa wanawake, akatoa salamu, akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Maalim, mwanangu alikuwa amehifadhi juzuu kumi na moja. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya hoteli huko Diani. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga hoteli, alirejea nyumbani mikono mitupu, akawa kukaa kutwa na wenziwe. Leo ni mtu wa unga. Ameuza sufuria zangu, ameuza cherehani ya dadake, na bati mbili za jikoni amezing'oa usiku. Shangazi zake wasema ana pepo, nimpeleke kwa mganga. Ami zake wasema ni mwovu, nimfungie mlango. Hospitali wasema ni mgonjwa. Nami nataka kujua: ni lipi katika haya matatu? Na mlango niufunge au niuache wazi?"

Hakumaliza, ila mwenye duka mmoja akadakia: "Na suala la jamaa wa msikiti pia lijibiwe, Maalim. Ndara zaibiwa kila Ijumaa. Wako wanaotaka mateja wasiingie msikitini kabisa."

Maalim hakujibu papo hapo. Alisema kwamba mtu akiulizwa juu ya ugonjwa wa mti, hatazami jani lililonyauka peke yake, bali hutazama mzizi, na udongo, na maji. Basi akayagawa mazungumzo katika mafungu manne, nasi twayaandika kwa mpango ule ule.

FUNGU LA KWANZA: MWANADAMU NI NANI?

"Kabla ya kusema kijana huyu ni nani," alianza Maalim, "na tujiulize sisi ni nani. Katika Suratul Baqara, aya ya 30, mwasoma kwamba malaika walipoarifiwa juu ya kuumbwa kwa khalifa katika ardhi, walistaajabu vipi atawekwa kiumbe atakayefanya uharibifu na kumwaga damu. Tazameni jawabu waliyopewa. Hawakuambiwa kwamba wamekosea. Waliambiwa kwamba Mola anayajua wasiyoyajua wao. Basi mwanadamu ana mawili: uharibifu ambao malaika waliuona, na siri nyingine ambayo hawakuiona. Atakayetazama moja tu katika haya mawili hatamjua mwanadamu."

Kisha akaeleza daraja tatu za nafsi zilizotajwa katika Qurani: nafsi iamrishayo maovu, katika Suratu Yusuf; nafsi ijilaumuyo, katika Suratul Qiyama; na nafsi iliyotua, katika Suratul Fajr. Akasema hizi si nafsi za watu watatu mbalimbali, bali ni hali tatu za mtu mmoja, naye huweza kuzipitia zote kwa siku moja, baina ya alfajiri na magharibi.

Akaleta na mfano wa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulumiddin ameufananisha mwili na mji. Moyo ndio mfalme wa mji huo, akili ni waziri wake, ghadhabu ni mkuu wa askari, na matamanio ni mtumwa aletaye chakula mjini. Mtumwa huyo ni mwongo mwenye hila, na kila mara hujitia kumnasihi mfalme. Mfalme akimsikiliza waziri, na askari wakamzuia mtumwa asivuke mpaka, mji hustawi. Mfalme akimfanya mtumwa kuwa ndiye mshauri, mji huharibika.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari ya Msambweni, akauliza: "Maalim, kwa nini asiuawe mtumwa huyo tukapumzika?"

Maalim akacheka. "Ukimwua, mwanangu, nani ataleta chakula? Mtu asiyetamani hali, haoi, hapandi mnazi wala hajengi nyumba. Dini haikuja kuua matamanio. Imekuja kumpa kila mmoja mahali pake. Na ulevi, kwa mfano huu, si mtumwa kuomba kingi tu. Ni mtumwa kumtilia waziri sumu katika kikombe, kisha akaketi kitini pake."

FUNGU LA PILI: KWA NINI MTU HUTAKA KUBADILI HALI YA AKILI YAKE?

Hapa mzee mmoja mvuvi, mtu wa Gazi, akasema neno lililotufikirisha sote. "Maalim, mimi nina wajukuu. Mtoto wa miaka mitatu husimama uwanjani akazunguka, akazunguka, mpaka akapata kizunguzungu, akaanguka akicheka. Akiinuka huzunguka tena. Nani aliyemfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha," akasema Maalim. "Umesema kweli, mzee wangu. Kutaka kuiona dunia kwa namna nyingine ni katika maumbile. Hata usingizi ni mlango wa hali hiyo. Imam Ghazali ameeleza katika Al-Munqidh kwamba muotaji huona mambo akayasadiki, na akiamka hujua hayakuwa na asili. Akajiuliza: je, haiwezekani ikawapo hali nyingine ambayo kwayo huku kuwa macho kwetu ni kama ndoto? Yeye mwenyewe, akiwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, mwaka 1095 alipatwa na dhiki ya moyo hata ulimi ukakataa kusomesha, akaacha cheo akasafiri. Basi tusidhani kwamba kila aonaye hali ngeni ni mjinga au ni mlevi."

Akaendelea kutuonyesha kwamba Waislamu wametofautiana zamani katika mlango huu, nao wakajifunza kupambanua. Kahawa ilipoenea Yemen katika karne ya 15, watu wa dhikri waliinywa ili wakeshe. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, ikapigwa marufuku na kuchomwa moto hadharani. Lakini wakubwa wa Misri hawakuikubali marufuku hiyo kwa ukamilifu, na miaka haikupita mingi watu wakaijua tofauti baina ya kinachoiamsha akili na kinachoiondoa. Leo muuza kahawa apita barazani na dele lake, na maimamu wanywa.

Kinyume cha hayo, bangi ilipoenea katika nchi za Kiislamu, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliihukumu kuwa ni haramu kama mvinyo, ijapokuwa hainywewi, kwa kuwa illa ni ile ile: kulewesha. Na juu ya miraa, Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake vya madhehebu ya Shafi vyategemewa sana katika pwani yetu, alitunga risala katika karne ya 16. Aliwaona watu wa zama zake wakihitilafiana katika habari zake, naye akausia kuiepuka pasina kukata hukumu ya uharamu. Tazama insafu ya watu wale: palipo na hakika walikata, na palipo na shaka walitahadharisha.

Hata katika jamaa wa tasawwuf palikuwa na mjadala huo. Wako waliomfuata Abu Yazid al-Bistami, wakasifu hali ya kughibu iliyofananishwa na ulevi wa mapenzi ya Mungu. Na wako waliomfuata Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, wakasema kwamba daraja ya juu zaidi ni ya mtu arejeaye katika utambuzi wake, akasali, akafanya kazi yake, na akatimiza haki za watu. "Na kipimo ninachokupeni ni hicho cha Junayd," alisema Maalim. "Hali yoyote ya akili na ipimwe kwa marejeo yake. Je, umerejea kwa watoto wako una upole zaidi na ukweli zaidi? Au umerejea umepungukiwa, huna ila kutamani kuondoka tena?"

Mama mmoja mtu mzima akauliza juu ya ngoma za pepo. "Sisi Wadigo tumezikuta kwa bibi zetu. Ngoma hupigwa, mwanamke hupanda pepo, akasema maneno asiyoyajua, na asubuhi akawa hana ugonjwa. Haya ni uongo?"

Maalim akajibu kwa makini. Kwanza alisema kwamba darsa hii msimamo wake juu ya uganga na kuviomba visivyokuwa Mungu ni ule ule wajulikanao tangu siku za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947: hatuukubali. Lakini kukataa jambo si sawa na kutolifahamu. "Mtazame pepo ataka nini," alisema. "Pepo wa Kiarabu ataka marashi na nguo nzuri, pepo mwingine ataka karamu, na wote wataka mgonjwa asikizwe. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakuulizwa ana nini, usiku mmoja huulizwa na watu hamsini. Midundo mirefu, mkesha, moshi wa ubani na macho ya watu huigeuza hali ya mtu, na hilo halihitaji dawa wala uongo. Ama maradhi yaliyotulia pale, nusu yake yalikuwa ni upweke. Tukitaka ngoma zipungue, tuwaulize wake zetu wana nini kabla hawajaugua."

Akaongeza kisa kilichoandikwa na mtaalamu Mwingereza, David Parkin, aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960. Aliwaona vijana wenye bidii ya kununua minazi na mashamba, ambao desturi iliwataka kunywa tembo na wazee na kutumia mali yao katika karamu za kijiji. Baadhi yao walishikwa na pepo wa Kiislamu, na pepo huyo akawakataza tembo na nyama isiyochinjwa kisheria. Hivyo waliweza kujitenga na karamu zile bila kuonekana wenye kiburi, wakaweka akiba. "Sisemi kwamba walijifanya," akasema Maalim. "Nasema kwamba hata pepo huzungumza lugha ya mambo ya mji: ardhi, mali, heshima, na nani ale na nani. Yaliyomo ndani ya kichwa cha mtu hayatengeki na yaliyomo mtaani kwake."

FUNGU LA TATU: UNGA HUFANYA NINI, NA MAISHA YA LEO YANA SEHEMU GANI?

Palikuwapo bibi mmoja muuguzi, ambaye amewauguza watu hawa kwa miaka. Maalim alimwomba atufunze, akasema hana haya ya kujifunza kwa ajuaye.

"Heroini, ambayo twaiita unga," alisema muuguzi, "ikifika ubongoni hugeuka kuwa mofini, ile dawa ya maumivu. Hupata pa kukaa kwa sababu mahali pake palikuwapo tangu zamani. Mwaka 1975 wataalamu wawili huko Aberdeen, Uskochi, John Hughes na Hans Kosterlitz, waligundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza vitu vya namna hiyo kwa kipimo kidogo, vya kutuliza maumivu na kuleta raha. Unga huingia kwa wingi mlangoni mwa vitu hivyo. Ubongo ukiona raha yaja bure kutoka nje, hupunguza ya kwake. Baada ya miezi, mtu hatumii tena ili afurahi. Hutumia ili asiumwe."

Akaeleza arosto ilivyo: mifupa kuuma, matumbo kukoroga, jasho baridi, kutapika, kukosa usingizi, na hofu isiyo na jina. "Yule aliyeng'oa bati usiku," akasema, "hakuwa akitafuta starehe. Alikuwa akiikimbia arosto. Hilo halimfanyi asiwe mwizi, lakini ni lazima mlijue."

Kisha akataja tiba. Iko dawa iitwayo methadoni, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hukaa mahali pale pale pa unga bila kumpandisha mtu na kumshusha, hata akaweza kufanya kazi na kulala. Dar es Salaam ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011; Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Kisauni mwaka 2015; na katika Kwale yetu iko zahanati yake Kombani. Akatuonya jambo moja la kuokoa roho: mtu aliyeacha kwa muda, kwa kufungwa jela au kwa kufungiwa nyumbani, mwili wake husahau kipimo cha kwanza, akirudia kipimo kile kile aweza kufa kwa kukatika pumzi. "Kwa hiyo kumfunga kamba chumbani wiki mbili, kisha kumfungulia na kudhani amepona," alisema, "kwaweza kuwa ndiyo sababu ya kumzika."

Kijana mmoja afanyaye kazi ufukoni akainua mkono. "Maalim, mbona hatusemi juu ya mji? Mimi nimezaliwa Diani. Kwetu bahari haiko mbali, lakini kuiona nalazimika kupita kichochoro baina ya kuta mbili. Babu yangu alikuwa na shamba. Baba yangu alikuwa na kazi ya msimu. Mimi nina simu. Msimu ukiwa mzuri twaishi kama wageni, na msimu ukifa hatuna hata ubavu wa kuwa wenyeji. Unga haukuota Ukunda kama mnazi. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja katika bahari yetu lina zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Hizo si za mtoto wa mjane."

Baraza ikanyamaza. Maalim akasema: "Endelea, mwanangu, kwani wasema haki." Lakini kijana alikuwa amekwisha, basi Maalim akaendelea kwa niaba yake.

Alisema kwamba wataalamu wa nchi nyingine wameuona ukweli wa maneno haya. Mwaka 1971 Wamarekani waliogopa kwamba askari wao watokao vita vya Vietnam watarudi na janga la heroini, kwani wengi walikuwa wameizoea huko. Daktari Lee Robins aliwafuatia, akakuta kwamba katika wale waliokuwa wametawaliwa nayo, katika mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban mtu 1 katika kila 20 aliyerejea utumwani. Wengine wote walibadilika walipobadilika mahali, jamaa na kazi. Naye Bruce Alexander, huko Canada, mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwaweka panya mbali mbali, kila mmoja katika kizimba chake, na wengine pamoja katika nafasi kubwa yenye wenzi na michezo. Wale wa upweke walikunywa maji ya mofini zaidi. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jawabu moja daima, basi tusilichukue kuwa ni hoja ya kukata. Lakini latuelekeza pa kutazama.

"Na msidhani kwamba ulevi ni wa unga tu," alisema. "Qurani imeutaja ulevi na kamari kwa pamoja, katika Suratul Baqara na katika Suratul Maida. Watu wa zamani wakauliza: kamari hainywewi, mbona imefungamanishwa na mvinyo? Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chao cha kupambanua maradhi, waliitia kamari katika mlango mmoja na ulevi. Leo kamari imo mfukoni, ndani ya simu ile ile tuitumiayo kupeleka pesa kwa mama zetu. Mtu aketi katikati ya watu, macho yake yamezama katika kioo, na ukimsalimu hujibu baada ya kitambo kama aliyeamshwa usingizini. Huyo naye hali ya akili yake imegeuzwa, wala hakuvuta kitu."

Mwenye duka akakumbusha habari ya mogoka: jinsi mwaka 2024 gavana wa Mombasa alivyopiga marufuku kuingizwa kwake, na Kilifi ikafuata, kisha serikali ya Nairobi ikasema kwamba zao hilo latambuliwa na sheria, na mahakama ya Embu ikaisimamisha amri. Maalim akasema kwamba wakulima wa Embu nao wana watoto wa kulisha. Mizozo ya namna hii itaendelea baina ya maslaha ya hapa na maslaha ya huko. "Lakini sisi tusingoje korti. Hakuna hakimu amwamuruye baba kumpa mwanawe shilingi ya mogoka."

FUNGU LA NNE: JAWABU YA MAMA

Hapo Maalim akamgeukia mama.

"Mama yangu, umeniletea majina matatu: mwenye pepo, mwovu, mgonjwa. La kwanza liache. Kumwombea dua na kumsomea Qurani ni kheri, nawe usiache. Lakini usimpe mganga pesa, na kombe lisikae mahali pa dawa. Katika mafunzo ya Mtume wetu ni kujitibu, kwa kuwa hapakuteremshwa maradhi ila na dawa yake.

"La pili na la tatu, mwovu au mgonjwa, watu huyapigania kama kwamba likiwapo moja jingine halipo. Mimi naona hivi. Siku ya kwanza alipopokea unga alikuwa na hiari kubwa, nayo ni dhambi. Leo hiari yake imekonda, lakini haijafa. Mtu wa arosto hana hiari ya kutoumwa; ana hiari ya kupanda matatu kwenda Kombani. Basi tusimdai hiari asiyo nayo, wala tusimsamehe ile aliyo nayo. Tazameni mvinyo wenyewe ulivyokatazwa: kwanza kwa kuelezwa kwamba madhara yake yazidi nafuu yake, kisha kwa kukatazwa kuikaribia sala katika ulevi, kisha kwa katazo la mwisho. Aliyewaumba alijua kwamba mazoea hayang'oki kwa siku moja. Sisi ni nani hata tumtake kijana huyu aache kati ya Ijumaa na Ijumaa?"

Mwenye duka akasema kwa uchungu: "Maalim, huruma ni rahisi kwa asiyeibiwa. Mimi nimevunjiwa duka mara mbili."

Maneno haya hayakupuuzwa. Maalim alisema: "Kweli. Haki yako imesimama, na wala huruma yangu haiwezi kuifuta, kwani si mali yangu. Alichoiba ni deni shingoni mwake. Lakini nakuuliza, ndugu yangu: atakulipa lini? Akiwa maiti, akiwa jela, au akiwa mzima anafanya kazi? Kumponya ndiyo njia iliyobaki ya wewe kupata haki yako."

Mwenye duka hakujibu. Akatazama mkeka.

Kisha ikaja habari ya msikiti, na hapa Maalim alileta hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Alikuwapo mtu katika zama za Mtume (S.A.W.) ambaye aliletwa mara nyingi kwa sababu ya kunywa, akaadhibiwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. "Yafahamuni mambo mawili," alisema Maalim. "Adhabu haikuondolewa. Na mlango haukufungwa. Mlevi yule alikuwa akiadhibiwa hali ya kuwa ni mtu wa jamaa, wala hakutolewa katika jamaa. Nani kati yetu ana idhini ya kufunga mlango ambao Mtume hakuufunga? Ama ndara, tieni katika mfuko mwingie nazo."

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwafaa.

Mwisho akampa mama maagizo machache. Asimpe pesa mkononi, bali ampe chakula. Vyombo vya thamani avihifadhi kwa jirani, bila matusi na bila siri. Mlango wa nyumba aufunge usiku ikiwa hana amani, lakini amwambie saa ya kufunguliwa, na saa hiyo aufungue. Asiende peke yake Kombani, bali apatikane mwanamume wa jamaa wa kumsindikiza kijana siku za mwanzo, kwani safari ya kila siku ni nauli na ni subira. Na akianguka, asiseme kwamba yote yamepotea.

"Nani atamsindikiza?" akauliza Maalim.

Palikuwa kimya kirefu. Kisha akasema yule mwenye duka: "Mimi huenda Kombani Jumatatu na Alhamisi kuchukua mali. Kwenye gari ana nafasi." Mvuvi wa Gazi akachukua siku mbili, na kijana wa ufukoni akachukua zilizobaki.

Ndugu msomaji, hatukuandikii haya ili tukutie furaha ya bure. Tuandikapo, kijana amekwenda siku 19. Siku 3 hakuonekana, akarudi na aibu yake, akapokewa. Juzi mama alisema kwamba usiku alisikia sauti jikoni, akashtuka kwa mazoea, akaenda kutazama. Alikuwa ni yeye amekaa gizani, ajaribu kuikumbuka Suratul Mulk, na mahali pengine amesahau. Mama akakaa karibu yake mpaka alfajiri.

MAMBO YA KUHIFADHI KATIKA DARSA HII

Kwanza: matamanio ni mtumwa wa mji wa mwili, hauawi, wala hafanywi waziri.

Pili: kutaka kubadili hali ya akili ni katika maumbile, hali hupimwa kwa marejeo yake.

Tatu: ulevi una mizizi miwili, mmoja ndani ya nafsi na mmoja katika mji. Mwenye kung'oa mmoja na kuuacha wa pili hajang'oa.

Nne: kumtibu mgonjwa hakufuti haki ya aliyedhulumiwa, na kudai haki hakuhalalishi kumtupa mgonjwa.

Tano: wanazuoni wetu wamehesabu akili katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, pamoja na dini, roho, kizazi na mali. Akili ya mwenzio pia imo katika amana hiyo.

Na suala la kufikiriwa mpaka darsa ijayo ni hili: katika mtaa wako, ni nani ambaye hajaulizwa ana nini kwa muda wa mwaka mzima? Usije na jawabu ya maneno. Nenda kwanza ukamuulize.

Wabillahi tawfiq.